Sura ya Nne: Adui Mwenye Makucha

Katika gemu za safari na maajabu, zile ambazo shujaa hupita misituni na mapangoni akitafuta hazina au akimsaka mfalme dhalimu, adui wa kwanza mara nyingi si mchawi wala askari. Ni mnyama. Katika Oblivion ya mwaka 2006, mchezaji hata hajaliona jua anakutana na panya wakubwa kwenye mifereji iliyo chini ya gereza. Katika Skyrim, iliyotoka mwaka 2011, mbwa mwitu humrukia njiani wakati bado anajifunza kushika upanga. Watengenezaji wana sababu zao. Askari lazima apewe sare, upande anaoupigania na kisa cha kumchukia shujaa. Mnyama akishatoa meno, kila kitu kimeeleweka. Mnyama pia hasemi, kwa hiyo hakuna sauti ya kurekodi wala maneno ya kutafsiri kwa kila nchi inayonunua gemu hiyo. Tena kifo chake, kwa hesabu ya watengenezaji, hakimnyimi mchezaji usingizi.

Ndani ya programu, ukali wote huo ni hesabu chache. Ya kwanza ni ya umbali. Kila mnyama amezungukwa na duara lisiloonekana. Mchezaji akiligusa, mnyama huacha kuzurura na kumfuata. Akikimbia mbali vya kutosha, mnyama humsahau na kurudi alikotoka, kana kwamba hakuna lililotokea. Ya pili ni ya ishara. Dubu husimama kwa miguu miwili, nguruwe huparua ardhi, chui hujikunja, ndipo pigo lije, ili mwenye jicho apate kukwepa. Ustadi wa mtengenezaji huonekana hapo. Ishara ikiwa fupi mno, mchezaji hulalamika kwamba ameonewa. Ikiwa ndefu mno, simba anageuka mbuzi. Ya tatu ni ya kundi. Mbwa mwitu sita humzunguka shujaa, mmoja akaja, watano wakangoja. Wengi hudhani hiyo ni mbinu ya mawindo. Kwa kawaida ni huruma ya programu tu, kwa maana sita wakija kwa pamoja hakuna atakayepona, na gemu isiyopitika hainunuliwi.

Kinachokosekana katika hesabu hizo ni asili ya hasira. Mbwa mwitu wa Skyrim humvamia mtu aliyekwisha kuua majoka na kuvaa chuma toka utosini hadi unyayoni, na humvamia peke yake, mchana kweupe. Hana njaa, hana watoto wa kulinda, hajajeruhiwa. Anauma kwa sababu ameandikiwa kuuma. Porini mambo hayako hivyo. Wanyama wengi wakimsikia binadamu hujitenga naye, na yule asiyejitenga huwa na sababu. Hadithi za pwani, kutoka Tanga hadi Unguja, zililijua jambo hilo zamani, na mnyama adui aliyejengwa vizuri kuliko wengi wa kwenye skrini anapatikana humo.

Mnyama huyo ni Nunda. Kisa chake kiliandikwa Unguja na Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, misheni ileile iliyoweka kituo Magila, karibu na Muheza, na kikachapishwa London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Kiswahili. Mwaka 1901 Andrew Lang alikiingiza kwa Kiingereza katika kitabu chake cha hadithi za watoto chenye jalada la zambarau, na kwa njia hiyo Nunda akazunguka dunia.

Habari ya Nunda inaanza na paka. Sultani Majinuni ana watoto wa kiume saba na paka anayempenda. Siku moja paka anakamata ndama. Watu wanakwenda kushtaki, na Sultani anaona hakuna kesi: paka ni mali yake, ndama ni mali yake. Paka anapanda daraja, anaua mifugo mikubwa zaidi, na kila mara jibu la baraza ni lilelile. Mwishowe anahamia kwa watu, na Sultani bado hataki kusikia. Hadi paka anapoua watoto wa Sultani mwenyewe ndipo baba anapokiri kwamba huyo si paka tena. Ni Nunda, mla watu.

Mtunzi wa gemu akikisoma kisa hiki ataona kwamba adui amekuzwa mbele ya macho ya watu, ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina mtu aliyeiruhusu. Nguvu za Nunda hazikutoka kuzimu. Zimetoka barazani. Msikilizaji anapofika kwenye vita ameshajua mnyama huyu alikula nini na kwa ruhusa ya nani, kwa hiyo hahitaji mtu wa kumweleza kwa nini lazima auawe.

Kisha kinakuja kipande ambacho kwa mpangilio wake kingeingia kwenye gemu bila kubadilishwa sana. Kijana mdogo wa Sultani anaingia mwituni kumtafuta Nunda, lakini hajawahi kumwona vizuri. Anaua mbwa mkubwa, anamkokota hadi nyumbani akiimba kwa furaha, na mama yake anamjibu kwamba huyo siye. Anarudi mwituni, anakuja na fungo. Siye. Anakuja na ngawa, kisha punda milia, kisha twiga, kisha kifaru, kisha tembo. Kila safari mnyama ni mkubwa kuliko wa jana, kila safari wimbo ni uleule na jibu ni lilelile, na kila safari mama anamsihi aache kabla hajafa. Kijana hakubali. Polepole anakusanya alama za anayemtafuta: mwili mpana usio mrefu, masikio madogo, madoa kama ya fungo, mkia mnene. Anamkuta hatimaye mlimani, amelala. Yeye na watu wake wanampiga risasi na kukimbia bila kugeuka nyuma, na baadaye tu ndipo wanapohakikisha kwamba amekufa.

Ngazi za maadui wanaozidi ukubwa ni mpangilio ambao gemu nyingi hufuata, hadi kwa bosi wa mwisho. Tofauti iko kwenye swali la kijana, kama huyu ndiye au siye. Katika gemu nyingi mchezaji anajua kwamba mnyama aliyemwua ni wa kujazia njia tu. Ukubwa wa muziki na urefu wa mstari wa uhai juu ya skrini vimeshamwambia. Kijana wa Sultani hana mstari wa uhai wa kutazama. Anapomwua twiga anaamini amemaliza kazi, na wasikilizaji wadogo, ambao wanamjua twiga, wanacheka. Kicheko hicho ni sehemu ya mtego, kwa kuwa mnyama anayekuja mwisho si mkubwa kuliko tembo. Ni paka. Ngazi ya ukubwa ilikuwa inampeleka kijana kusiko, na ni alama za mama, si kimo, zilizomfikisha.

Nunda hakubaki hadithini peke yake. Mwaka 1937 William Hichens, aliyekuwa ofisa wa utawala wa Kiingereza Tanganyika, na ambaye wasomaji wa ushairi wanamfahamu kwa kazi yake juu ya Al-Inkishafi na mashairi ya Muyaka, aliandika makala kuhusu wanyama wa ajabu wa Afrika. Humo alisimulia mauaji katika kijiji cha pwani ya kusini. Askari aliyekuwa zamu ya usiku alikutwa ameraruliwa, na mkononi ameshika manyoya ya kijivu. Wenyeji walimtaja mngwa, au nunda, mwenye ukubwa wa punda na michirizi kama ya paka wa nyumbani. Hakuna ngozi wala fuvu la mnyama huyo lililowahi kuwekwa mezani, na maelezo mepesi zaidi ni simba au chui aliyezoea kula watu. Lakini simulizi hiyo ilimfungulia Nunda mlango wa vitabu vya njozi vya Ulaya. Mwaka 2001 J. K. Rowling, katika kitabu chake kidogo cha wanyama wa kichawi, alimtaja Nundu wa Afrika Mashariki, chui mkubwa anayetembea kimya, ambaye pumzi yake huleta maradhi ya kumaliza vijiji na ambaye hajawahi kushindwa na wachawi chini ya 100. Mwaka 2016 akaonekana kwenye sinema. Jina limepona na makucha yamepona. Sultani na ndama wake wameachwa njiani, na walichoondoka nacho ndicho kilichokuwa kikimfanya mnyama huyu atishe.

Wanyama halisi wa ukanda huu nao huanza uadui wao karibu na nyumbani. Mkulima wa Handeni au Pangani akiulizwa adui wake ni nani, hataanza na simba. Ataanza na nguruwe pori. Nguruwe huja usiku kwa makundi, huchimba muhogo, huangusha mahindi, na kabla ya alfajiri shamba la msimu mzima linaweza kuwa limekwisha. Kwa hiyo mtu hujenga dungu, hulala shambani na kukesha akipiga makelele na madebe. Anapolala shambani, mlango wake ni wa makuti au hauna kabisa.

Hapo ndipo simba anapoingia. Mwaka 2005 Craig Packer na watafiti wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya watu zaidi ya 563 waliouawa na simba Tanzania tangu mwaka 1990, wengi wao katika mikoa ya kusini mashariki. Mashambulizi yalikuwa mengi zaidi pale ambapo nguruwe pori ni wengi na wanyama wengine wa kuwindwa ni wachache. Simba humfuata nguruwe hadi shambani, na shambani humkuta mtu aliyekwenda kumfukuza nguruwe. Mlolongo huo ni wa kuwekwa kwenye gemu kama ulivyo. Kijiji kinamlalamikia simba, shujaa anatumwa akamwue, naye akitazama vizuri anagundua kwamba kazi yenyewe ni nguruwe. Akimwua simba peke yake, msimu ujao atakuja mwingine.

Simba wawili wa Tsavo ndio mfano unaotajwa zaidi. Kuanzia Machi hadi Desemba 1898 waliwavamia wajenzi wa reli ya Uganda, hadi kazi ya daraja walilokuwa wakilijenga ikasimama, na wajenzi wengi waliamini kwamba hao ni mashetani katika umbo la simba. John Henry Patterson, aliyesimamia ujenzi huo, aliwapiga risasi wote wawili mwezi Desemba. Baadaye, mafuvu yao yalipochunguzwa katika jumba la makumbusho la Chicago, mmoja alionekana ana jino la chonge lililovunjika na jipu kwenye mzizi wake. Simba mwenye jino la namna hiyo hawezi kumshika nyati kooni; mtu aliyelala hemani ni laini zaidi. Si lazima jino liwe sababu pekee, maana vifo vya mifugo na nyati kwa sotoka viliipunguza nyama porini miaka hiyohiyo. Bado ni ajabu kwamba watunzi wengi wakimchukua simba wa Tsavo huchukua giza na mngurumo, wakaliacha jino.

Tanga yenyewe ina kisa chake, na adui wake ni mdogo kuliko ukucha. Novemba 1914 kikosi cha Waingereza na Wahindi cha watu wapatao 8,000, chini ya Jenerali Aitken, kilishuka Ras Kasone kuuteka mji uliokuwa ukilindwa na jeshi la Wajerumani na askari wao, watu wapatao 1,000, wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Tarehe 4 washambuliaji walijipenyeza kupitia mashamba na vichaka kuelekea mjini. Mitini mlikuwa na nyuki. Risasi zilipoanza kuchana matawi na mizinga, nyuki walitoka kwa maelfu na kuwaangukia watu. Wanajeshi walitupa bunduki na kukimbilia ufukweni wakijipiga usoni na shingoni. Upande wa Wajerumani nao haukusalimika. Kesho yake wavamizi walirudi merikebuni, wakiacha bunduki na risasi nyingi nyuma yao, na baadhi yao wakashika imani kwamba Wajerumani walitega nyuki kwa kamba. Hapakuwa na kamba. Washambuliaji walishindwa kwa sababu nyingine nyingi, kubwa ikiwa uongozi mbovu na kuchelewa, lakini Waingereza wenyewe walizoea kuviita vita vya nyuki.

Nyuki wa Tanga ni mnyama adui wa aina ambayo gemu zimechelewa kuijifunza. Hana upande. Hamfuati mtu kwa sababu ni shujaa wala kwa sababu ni mwovu. Anamfuata aliye karibu na mzinga uliopigwa. Minecraft, gemu ya kujenga na kusafiri inayochezwa na watoto duniani kote, iliingiza nyuki Desemba 2019 na ikawapa karibu tabia hiyohiyo. Hupita kwa amani kwenye maua. Mchezaji akimpiga mmoja au akivunja mzinga, wote wa karibu hugeuka macho mekundu na kumjia, na kila mmoja akishauma mara moja hufa baada ya muda. Mtu akiweka moto wa kambi chini ya mzinga, moshi huwatuliza na asali huchukuliwa salama. Mrina asali yeyote wa Handeni angeitambua kanuni hiyo bila kuelezwa. Kwa mchezaji, kanuni ya namna hii inageuza uwanja mzima. Mzinga juu ya mti unakuwa hatari kwake, na vilevile unakuwa silaha yake ikiwa anajua adui zake wamesimama wapi. Mbwa mwitu anayeuma kila aonaye hampi nafasi hiyo ya kufikiri.

Kuna pia mnyama anayetumwa. Gemu zina wachawi wengi wanaoita dubu au tai kutoka hewani, na mara nyingi mnyama huyo ni kama mshale tu, amekuja, ameuma, ametoweka. Unguja imani hii ilikuwa nzito zaidi. Chui wa kisiwa hicho, mdogo kuliko wa bara na mwenye madoa yaliyosongamana, aliaminiwa na wengi kuwa wa aina mbili, wa porini na wa kufugwa. Wa kufugwa alikuwa na mwenyewe, mtu wa kijijini, aliyemlisha kwa siri na kumtuma kuwadhuru watu na mifugo yao. Kwa hiyo chui akionekana karibu na kisima, swali la kwanza halikuwa ametoka wapi. Lilikuwa ni wa nani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 iliendeshwa kampeni ya kusaka wachawi na chui kwa pamoja, iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, na kuanzia hapo chui wa Unguja akawa wa kusimuliwa zaidi kuliko wa kuonekana. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman wameieleza habari hii kwa urefu. Ni habari ya kutisha kuliko bosi yeyote, kwani adui wa kweli ndani yake ni jirani anayeshukiwa, na mnyama ndiye aliyelipa.

Limebaki la mzoga. Katika gemu mnyama akianguka hutoa kitu, ngozi, nyama, jino la kutengenezea dawa, na katika zile zilizotengenezwa kwa haraka hutoa hata sarafu za dhahabu, jambo ambalo wachezaji wamelifanyia mzaha miaka mingi: mbwa mwitu alikuwa anakwenda dukani? Gemu nzuri zaidi hubana hapo. Far Cry Primal ya mwaka 2016, iliyowekwa katika zama za mawe, haina sarafu kabisa. Ngozi ya mnyama inakuwa mfuko au vazi, na moto huwatisha wanyama kama unavyowatisha porini.

Juu ya suala la mzoga, hakuna kisa cha Tanga kinachoshinda cha Mbegha. Kimeandikwa katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, Mswahili aliyewatumikia watawala wa Usambara na baadaye akawa mtu wa serikali Tanga, na kilichapwa kwa vipande Magila kuanzia miaka ya 1890 hadi 1907. Mbegha alikuwa mwindaji wa Nguu. Aliota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, mtoto wa mkosi, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akahamia Kilindi, akawa rafiki wa mtoto wa mtawala. Kijana huyo akafa katika mawindo ya nguruwe, na Mbegha akatoroka kabla hajadaiwa damu. Akaishi porini na mbwa wake na mikuki yake, akipanda polepole kuelekea milima ya Usambara.

Huko nako nguruwe pori walikuwa adui wa kila mtu mwenye shamba. Mbegha aliwaua, na nyama hakuikausha ajilimbikizie. Aliigawa. Wenye mashamba walimletea chakula cha shambani, yeye akawapa kitoweo, na mwanahistoria Steven Feierman ameona katika mabadilishano hayo msingi wa utawala mzima uliofuata. Kwa Mwislamu wa pwani, ambaye nguruwe ni haramu, mnyama yule ni hasara tupu hata akifa. Kwa watu wa milimani wa karne ya 18 kila nguruwe aliyeuawa alikuwa gunia lililookolewa na chungu kilichojaa, na habari za mtu mwenye mkono wa namna hiyo zilimtangulia njiani hadi Bumbuli na mbele zaidi. Watu wa Vuga walipomwita aje kwao, alimwua simba safarini usiku, na wakampa jina la Simba Mwene. Watawala waliomfuata waliendelea kuitwa hivyo, hadi enzi ya Kimweri ye Nyumbai katikati ya karne ya 19, ambaye amri yake ilishuka kutoka milimani mpaka pwani ya Tanga na Pangani.